Jinsi ya kufuatilia naosi ya hekalu la Misri ya kale hadi ilipo leo

Paa la naosi moja, yaani kijumba cha jiwe cha kuwekea sanamu ya mungu, liko makumbusho ya Louvre, Paris, tangu 1817. Kitako na ukuta wa nyuma viliopolewa baharini huko Abukir katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kwa juhudi za mwanamfalme Omar Toussoun, vikaingia Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi ya Alexandria. Vipande vingine vya kuta vikaonekana mwaka 1999, timu ya wapiga mbizi ya Franck Goddio ilipokuwa ikipekua sakafu ya ghuba ile ile. Vyote ni vya kitu kimoja: kijumba cha itale nyeusi kilichochongwa kutoka jiwe zima katika karne ya 4 KK, kwa amri ya mfalme Nectanebo wa Kwanza.

Kuta zake zimegawanywa visanduku visanduku, kila kisanduku siku kumi za mwaka. Msomaji wa pwani atalitambua hesabu hili bila kufafanuliwa: manahodha, wavuvi na wakulima wetu waliuhesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, miongo 36, na siku tano za ziada kukamilisha 365. Wamisri walifanya vivyo hivyo, na kila mwongo waliukabidhi kwa kundi lake la nyota. Kwa hiyo humu tutakiita Naosi ya Miongo, na tutakitumia kama mfano kuonyesha namna ya kufuatilia kitu cha aina hii, kuanzia jina lililo kitabuni hadi namba ya ukumbi.

Kwanza hakikisha unatafuta kitu gani

Naosi ni sanduku la jiwe lililosimama ndani kabisa ya hekalu, mahali ambapo ni makuhani wachache tu walioingia. Ndani yake ilikaa sanamu ya mungu. Mbele ilikuwa na milango ya mbao, juu paa, mara nyingi lenye umbo la piramidi fupi. Sanamu na milango karibu kila mara vimepotea. Kinachobaki ni jiwe.

Tatizo ni kwamba vitabu vya kigeni hutumia neno moja kwa vitu vitatu tofauti: naosi ya jiwe, kijumba cha mbao kilichopakwa dhahabu (kama vile vya kaburi la Tutankhamun), na jengo dogo zima ndani ya ua wa hekalu. Kijumba cha Taharqa kilichotoka Kawa, Sudan, ambacho sasa kipo Makumbusho ya Ashmolean, Oxford, ni cha aina ya tatu: ni chumba cha mawe ya mchanga ambacho mtu anakizunguka kwa miguu. Ukikitafuta kwenye katalogi za naosi hutakipata, na utadhani kimepotea.

Angalia pia kama kitu chako hakijahama kabisa. Naosi ya Nectanebo wa Pili iliyo Edfu, yenye kimo cha takriban mita nne, bado imesimama patakatifuni. Hekalu linaloizunguka lilianza kujengwa mwaka 237 KK, zaidi ya miaka mia moja baada ya naosi yenyewe. Wajenzi waliitunza ya zamani wakaiweka ndani ya jipya.

Andika maeneo matatu, usiandike moja

Chukua karatasi au jedwali la kompyuta. Kabla ya jambo lolote, fungua safu tatu: ilipowekwa wakfu, ilipopatikana, ilipo sasa. Makosa mengi kuliko yote hutokea hapa. Naosi ya Miongo ilitengenezwa kwa ajili ya hekalu la Saft el-Henna, mashariki mwa Delta ya mto Nile, mji ambao Wamisri waliuita Per-Sopdu. Ilipatikana Abukir, pwani ya magharibi, upande wa pili wa Delta. Aliyesoma lebo isemayo "kutoka Abukir" ataiandika kuwa naosi ya Canopus, mji wa kale wa hapo Abukir, na kuanzia hapo kila anayemnukuu atakosea pamoja naye.

Eneo la kwanza husomwa kwenye maandishi ya jiwe lenyewe: jina la mungu, sifa zake na jina la mji. Eneo la pili husomwa kwenye ripoti ya mchimbaji au mnunuzi. La tatu husomwa kwenye rejesta ya makumbusho. Ni ushahidi wa aina tatu, na mmoja haujazi pengo la mwingine.

Chini ya safu hizo ongeza: jina la mfalme, mungu, aina ya jiwe, vipimo vya nje, vipimo vya uwazi wa ndani, na orodha ya sehemu. Sehemu ziandike hata kama hujui ziko wapi: kitako, ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia, ukuta wa nyuma, dari, paa, mwimo wa mlango kila upande. Kila sehemu iwe na mstari wake, kwa sababu kila sehemu inaweza kuwa na njia yake iliyopitia.

Kusanya majina yote, pamoja na yale yaliyokosewa

Saft el-Henna utaikuta pia kama Saft el-Henneh na Saft al-Hinna. Abukir huandikwa Aboukir au Abu Qir. Hapa anayesoma Kiarabu ana faida kubwa: tafuta صفط الحنة na أبو قير, na taarifa za magazeti na za wizara ya Misri zitakufungukia ambazo hazipo kwa Kiingereza. (Hiyo "henna" ni hina ile ile wanayopakwa maharusi wetu.)

Majina ya wafalme yana mtego mbaya zaidi. Wafalme wawili wa nasaba ya 30 wanaitwa Nectanebo kwa Kigiriki, lakini kwa Kimisri majina yao ni tofauti: Nakhtnebef ndiye wa Kwanza, Nakhthorheb ndiye wa Pili. Wataalamu wa karne ya 19 waliwapanga kinyume. Ukisoma kitabu cha miaka ya 1880 kinachosema "Nectanebo wa Pili", huenda mwandishi anamzungumzia yule tunayemwita wa Kwanza leo. Dawa yake ni kuacha namba na kufuata jina la Kimisri lililo ndani ya kartushi, yaani kile kiduara kirefu kinachozunguka jina la mfalme. Kwenye jedwali lako andika Nakhtnebef au Nakhthorheb, basi.

Anza na orodha kuu

Kazi ya msingi ni ile orodha ya maeneo ya kale ya Misri iliyoanzishwa na Bertha Porter na Rosalind Moss, inayotunzwa na Griffith Institute, Oxford. Watu wote wa fani wanaiita "Porter na Moss". Imepangwa kwa mahali, na majuzuu yake yanapatikana bure kwenye tovuti ya taasisi hiyo. Delta na Misri ya Kati ziko juzuu la IV, la mwaka 1934. Memphis ni juzuu la III. Mahekalu ya Thebes ni la II. Edfu, Dendera, Kom Ombo na Philae ni la VI. Nubia na vitu vilivyopatikana nje ya Misri ni la VII. Vitu visivyojulikana vilikotoka viko juzuu la VIII.

Fungua ukurasa wa mahali, si wa makumbusho. Soma ingizo zima: huanza na maelezo mafupi ya kitu, hufuata makumbusho na namba, kisha vitabu na makala zilizokichapisha. Nakili vyote. Halafu fungua ukurasa wa mahali pa pili, kwa mfano huu Abukir, kwa sababu kitu kilichohamishwa zamani huweza kuandikwa sehemu mbili. Kumbuka mwaka wa juzuu: la IV halina habari yoyote iliyojulikana baada ya 1934, kwa hiyo vipande vya 1999 huwezi kuvikuta humo.

Hatua inayofuata ni katalogi ya naosi za Makumbusho ya Cairo iliyoandikwa na Günther Roeder na kuchapishwa Leipzig mwaka 1914, namba za katalogi kuu (CG) 70001 hadi 70050. Iko kwenye maktaba za kidijitali, na kwa naosi yoyote iliyokuwa Cairo kabla ya mwaka huo hakuna njia ya mkato inayoizidi. Ina vipimo, michoro na maandishi ya hieroglifu. Iko kwa Kijerumani, lakini vipimo na namba havihitaji mkalimani.

Namba za makumbusho zisomwe kwa makini

Kitu kimoja huweza kuwa na namba tatu au nne. Cairo pekee kuna JE, rejesta ya kuingiza vitu kwa mfuatano. CG, ya katalogi kuu. SR, ya sehemu ya makumbusho. Na rejesta ya muda, ambayo namba zake huandikwa kwa mikwaju. British Museum hutumia EA kwa vitu vya Misri, pamoja na namba ya usajili inayoanza na mwaka wa kupokelewa. Louvre ina D, N na E. Paa la Naosi ya Miongo ni D 37. Namba za Metropolitan, New York, huanza na mwaka: 07 maana yake 1907.

Usiandike namba bila jina la mji mbele yake. Sehemu za Naosi ya Miongo zilizoko Alexandria zina namba JE 25774, na hiyo JE ni ya Alexandria. Ukiitafuta kwenye rejesta ya Cairo utapata kitu kingine kabisa, kilichoingia miaka mingi kabla. Vipande vya chini ya maji vina namba zinazoanza na SCA, za mamlaka ya mambo ya kale ya Misri.

Neno "Makumbusho ya Cairo" lenyewe linahama. Katika vitabu vya kabla ya 1890 maana yake ni jengo la Bulaq, mtaa wa Cairo. Baada ya hapo ni kasri la Giza. Tangu 1902 ni jengo la Tahrir. Sasa vitu vingi vimehamia Makumbusho Kuu ya Misri karibu na piramidi za Giza, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2025. Kitu hakijaibwa kwa sababu tu hukikuti Tahrir.

Kuoanisha vipande

Hapa ndipo kazi hasa ilipo. Naosi za Saft el-Henna zinafundisha vizuri kwa sababu ni zaidi ya moja, zote zinahusishwa na mfalme mmoja, zote za itale nyeusi, na zimetawanyika.

Ya kwanza ni naosi ya mungu Sopdu, Cairo CG 70021, iliyojaa safu za picha za miungu. Édouard Naville aliichapisha mwaka 1887, akaeleza kwamba ilipasuliwa kwa amri ya pasha aliyedhani ndani mna dhahabu. Ya pili ilipatikana el-Arish, huko Sinai: F. Ll. Griffith aliikuta mwaka 1887 ikitumiwa kunyweshea mifugo, imelazwa kama hori. Sasa ipo Makumbusho ya Ismailia, namba 2248, na maandishi yake yanasimulia utawala wa miungu Shu na Geb. Ya tatu ni Naosi ya Miongo. Mtu akipata kipande chenye jina la Nakhtnebef na la Saft el-Henna, atakiunganisha na ipi?

Jina la mfalme halitoshi, wala aina ya jiwe. Fuata mpangilio huu:

1. Pima unene wa ukuta kwenye sehemu isiyopasuka. Kuta za naosi moja hazilingani kila mahali, kwa sababu nyingi hupungua kuelekea juu, lakini tofauti ya sentimita kumi ni dalili ya naosi nyingine.

2. Pima kimo cha safu moja ya picha, kutoka mstari wa chini hadi mstari wa juu. Mchongaji aligawa ukuta kwa kamba na rula kabla ya kuchonga, kwa hiyo kipimo hiki hujirudia kwa usahihi kuliko kingine chochote.

3. Tazama utaratibu wa picha. Kwenye Naosi ya Miongo picha zile zile hurudi kwa mfuatano ule ule katika kila kisanduku, mojawapo ikiwa ya maiti iliyolazwa kitandani. Kipande kidogo chenye nusu ya kitanda na ukingo wa kisanduku kinatosha kukupa mahali pake kwenye ukuta. Kwenye naosi ya Sopdu picha hazijirudii hivyo.

4. Soma maandishi ng'ambo ya ufa. Neno lililokatika upande mmoja likimalizika upande wa pili, mjadala umefungwa. Mwaka 1952 Labib Habachi na Banoub Habachi walichapisha makala iliyounganisha paa la Louvre na sehemu iliyotoka baharini, na baadaye Anne-Sophie von Bomhard akafanya hivyo kwa vipande vyote pamoja na vile vya 1999.

5. Tafuta matundu ya bawaba. Kipande chenye tundu la mviringo kwenye kizingiti ni cha mbele, chini au juu ya mlango.

Yanayoharibu kazi hii ni haya. Vitabu vya Waingereza vya karne ya 19 vinatoa vipimo kwa futi na inchi. Futi moja ni sentimita 30.48 na inchi moja ni 2.54, na usizungushe kabla ya kumaliza hesabu. Katalogi nyingine hutoa kimo cha uwazi wa ndani bila kusema, kikapishana na cha nje kwa nusu mita. Picha za zamani zilichapishwa wakati mwingine zikiwa zimegeuzwa kushoto kulia. Vivyo hivyo chapa za karatasi: karatasi iliyoloweshwa hugandamizwa kwenye jiwe ikakauka, na upande wake wa nyuma unaonyesha maandishi kinyume. Kutazama ndege na watu wa hieroglifu wanaelekea wapi hakusaidii sana kwenye naosi, kwa kuwa ukuta wa kushoto na wa kulia husomwa kwa kuelekeana. Tumia umbo la ufa. Linganisha pembe mbili za picha na mchoro uliochapishwa. Ikiwa kona iliyomeguka ipo upande usiofaa, picha imegeuzwa.

Jambo jingine ni hali ya uso wa jiwe. Paa lililokaa nchi kavu tangu 1776, mwaka lilipopatikana, na ukuta uliokaa baharini miaka mingi zaidi havifanani rangi wala ung'avu. Tofauti hiyo peke yake isikufanye ukatae mwoano.

Iko wapi hasa, leo

Sasa nenda kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe. Louvre imeweka mkusanyo wake mtandaoni tangu 2021. Kwa hiyo hapana haja ya kutegemea kumbukumbu: andika D 37 kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua ukurasa, nakili kiungo cha kudumu kinachoonyeshwa hapo badala ya anwani iliyo juu ya kivinjari. British Museum huandika wazi kama kitu kimeonyeshwa au hakijaonyeshwa, na chumba namba ngapi.

Kwa vitu vilivyo Misri usitegemee tovuti peke yake. Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi ya Alexandria yalifungwa mwaka 2005 kwa ukarabati, yakafunguliwa tena Oktoba 2023. Kwa miaka kumi na minane kila kitabu kilichosema "Alexandria, Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi" kilisema kweli kuhusu umiliki, lakini mgeni aliyefika mlangoni hakukiona kitu.

Maonyesho ya kusafiri ndiyo yanayopotosha watu zaidi. Vitu vya Goddio vilionyeshwa Berlin mwaka 2006, Paris mwaka huo huo hadi 2007, London 2016, na miji mingine, na hapo vipande vya Naosi ya Miongo viliwahi kukutanishwa. Picha zilizopigwa huko zimejaa mtandaoni. Mtu huona lebo ya London nyuma ya jiwe, akaandika kwamba jiwe ni mali ya London. Picha ikikupa mahali, tafuta pia tarehe ya picha, kisha uliza: hapa ni nyumbani kwake, au alikuwa mgeni?

Kama bado hujui, mwandikie mhifadhi wa idara ya Misri. Barua iwe fupi. Taja namba ya usajili kwenye mstari wa kichwa cha habari, sema kitu ni nini kwa sentensi moja, kisha uliza mambo manne tu: kiko ukumbini au ghalani; namba nyingine kinazojulikana nazo; kilipatikana lini na kutoka kwa nani; kama kuna vipande vingine vinavyodhaniwa kuwa vyake. Ambatisha picha au mchoro. Kwa Louvre andika Kifaransa, kwa Misri Kiarabu au Kiingereza. Mpe wiki sita kabla ya kukumbusha, kwa sababu anayekujibu lazima aende kulitazama jiwe.

Pengo katika historia ya umiliki

Sehemu ya kitu ikitokea mnadani au kwa mfanyabiashara, tazama tarehe zake. Mwaka 1835 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alitoa amri ya kuzuia usafirishaji wa vitu vya kale kutoka Misri. Sheria zilizofuata, kama zile za 1912 na 1951, ziliruhusu baadhi ya vitu kutoka kwa kibali. Sheria namba 117 ya 1983 ilifunga biashara hiyo. Mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni ni wa 1970. Muuzaji anayesema tu "mkusanyo wa zamani wa Ulaya", bila barua, risiti wala picha yenye tarehe, hajakuambia lolote. Kipande cha naosi kina faida moja hapa: kwa kuwa kimevunjika kutoka jiwe linalojulikana, michoro ya zamani huweza kuonyesha kama bado kilikuwa kwenye kuta za Misri mwaka fulani. Ukiona mwoano wa namna hiyo, usimwandikie muuzaji kwanza. Hifadhi ukurasa na picha pamoja na tarehe, kisha peleka taarifa kwa Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale ya Misri.

Namna ya kuandika matokeo

Kila sehemu ipewe mstari, na kila mstari uwe na tarehe uliyothibitisha pamoja na aina ya ushahidi. Kwa Naosi ya Miongo, mistari ya mwanzo huwa hivi:

Paa: limewekwa wakfu Saft el-Henna, limepatikana Abukir, 1776, Paris, Louvre, D 37, tangu 1817. Ushahidi: rejesta ya makumbusho na maandishi ya jiwe.

Kitako na ukuta wa nyuma: wakfu Saft el-Henna, vimepatikana baharini Abukir, Toussoun, Alexandria, Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi, JE 25774. Ushahidi: katalogi ya maonyesho; ukumbi au ghala lithibitishwe kwa barua.

Vipande vya kuta: wakfu Saft el-Henna, vimepatikana baharini Abukir, Goddio, 1999, mali ya Misri, namba za SCA. Ushahidi: maandishi yanayoendelea ng'ambo ya ufa.

Sehemu ambayo haijapatikana nayo ibaki na mstari wake, safu ya tatu ikiwa tupu, ili atakayekutana na kipande cha itale nyeusi chenye nusu ya kitanda ajue pa kukiweka.